Hisa alizoacha marehemu: Zithaminishwe vipi ili yatima asidhulumiwe?

  

Ndugu Waislamu, tunapozungumzia dhulma katika mali ya yatima, aghalabu fikra zetu humwendea yule anayesogeza mpaka wa shamba usiku, au anayeuza ng'ombe wa marehemu mnadani na kuficha fedha. Ipo dhulma nyingine isiyo na kelele. Hufanyika mchana, mbele ya wazee, baada ya kusomwa Fatiha, na watu wote wakainuka wameridhika. Hiyo ni dhulma ya kugawa kitu bila kujua thamani yake.

Kisa kilichonifanya niandike makala haya kilinifika mjini Singida. Baada ya swala ya Ijumaa alinijia mama mmoja mjane, akifuatana na mwanawe mkubwa wa kiume na shemeji yake. Marehemu alifanya kazi Dar es Salaam miaka mingi, akastaafu, akarudi kwao, akajenga nyumba na kununua banda la kuhifadhia vitunguu karibu na soko la Misuna. Ameacha mjane, kijana huyo mmoja aliye mtu mzima, na mabinti wawili ambao bado wako shule ya msingi.

"Sheikh," akasema yule kijana kwa adabu, "sisi tumekwisha kubaliana. Madeni ya baba yamelipwa. Nyumba na banda vimethaminishwa kwa shilingi milioni 24. Zimebaki hati hizi za hisa 4,000. Kila hisa imeandikwa shilingi 100, kwa hiyo jumla ni laki nne. Mama na wadogo zangu hawana haja na makaratasi. Nitayachukua mimi, yahesabiwe katika fungu langu. Tunachoomba kwako ni dua tu."

Nikamwuliza, "Mwanangu, kampuni hii hutoa gawio?"

"Ndiyo, Sheikh. Mwaka huu imetoa shilingi 250 kwa kila hisa."

Hapo nikajua kwamba kabla ya dua tunahitaji hesabu. Hakuna mtu pale Misuna atakayekubali kuuza banda lake kwa kodi ya miezi mitano. Lakini familia hii ilikuwa inataka kuhesabu kwa shilingi 100 kitu ambacho kwa mwaka mmoja kinaleta shilingi 250, na tena mwakani, na mwaka wa baadaye. Kijana yule hakuwa mwizi. Alisoma tarakimu iliyoandikwa kwenye hati akadhani ndiyo thamani. Wengi wetu tungefanya kosa hilo hilo.

Tarakimu tatu zisizofanana

Hisa ni sehemu ya umiliki wa kampuni. Mwenye hisa si mkopeshaji, bali ni mshirika: kampuni ikipata faida naye hupata gawio, na ikipata hasara naye huumia. Kwa sababu hiyo wanazuoni wa zama zetu wameiweka katika mlango wa ushirika, wakaihalalisha kwa asili yake, maadamu kazi ya kampuni yenyewe ni halali.

Hisa moja inaweza kuwa na tarakimu tatu. Ya kwanza ni ile iliyoandikwa kwenye hati siku kampuni ilipoundwa. Hiyo ni kumbukumbu ya kisheria tu, haielezi lolote kuhusu leo. Ya pili ni bei ya sokoni, yaani ile ambayo mnunuzi na muuzaji wa mwisho walikubaliana. Ya tatu ni thamani yenyewe, yaani kiasi ambacho mtu mwenye akili timamu angetoa leo ili apate mapato yote ambayo hisa ile inatarajiwa kuleta.

Nchini kwetu bei hupatikana katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwezi Aprili 1998, na kampuni ya kwanza kuandikishwa ilikuwa TOL. Mwarithi aliyeko Singida hahitaji tena kupanda basi kwenda kuuliza, kwani siku hizi bei hutazamwa kwenye simu. Hata hivyo bei ya soko nayo isomwe kwa hadhari. Nadharia mashuhuri iliyoenezwa na mwanauchumi Eugene Fama wa Chicago mwaka 1970 inasema kwamba katika soko lililochangamka, habari zote zinazojulikana huwa zimekwisha kuingia katika bei. Sharti lake ni kule kuchangamka. Katika soko letu zipo hisa ambazo hupita siku nyingi bila kuuzwa hata moja, na bei inayoonekana ni ya mauziano ya zamani.

Tena hata bei inayotangazwa kwa kishindo si dhamana. Mwaka 2017 hisa za Vodacom Tanzania ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 850 kila moja, na maelfu ya Watanzania walijitokeza kununua. Katika miaka iliyofuata hisa hizo ziliuzwa sokoni chini ya bei hiyo. Aliyenunua kwa sababu jirani amenunua alijifunza kwamba bei ni neno la watu, na thamani inadai hesabu.

Fedha ya kesho na fedha ya leo

Mwaka 1938 Mmarekani John Burr Williams alitoa kitabu kilichoweka msingi wa elimu hii. Alichosema kwa ufupi ni kwamba thamani ya hisa ni jumla ya magawio yake yote yajayo, kila gawio likiwa limerudishwa kwenye thamani yake ya leo.

Kurudishwa kwenye thamani ya leo maana yake nini? Mfanyabiashara wa alizeti anafahamu bila ya kufundishwa. Akiwa na shilingi milioni moja wakati wa mavuno, anaweza kununua mbegu, kukamua mafuta na kuuza, na mwisho wa mwaka akawa na zaidi ya milioni moja. Basi milioni moja atakayoahidiwa mwakani haiwezi kuwa sawa na milioni moja aliyonayo mkononi, kwa sababu anayengoja amekosa kazi ambayo fedha ile ingefanya.

Hapa baadhi ya ndugu zetu hushtuka na kuuliza, "Sheikh, hii si riba?" Swali ni zuri na linastahili jibu. Riba ni ziada inayoshurutishwa juu ya deni. Hapa hakuna deni wala mkopeshaji, kuna makadirio ya bei ya kitu kinachouzika. Mafakihi wa zamani walikwisha kutofautisha mambo haya: jamhuri ya wanazuoni wa madhehebu manne wameruhusu bidhaa iuzwe kwa mkopo kwa bei kubwa kuliko ya taslimu, bei ikishakatwa na kukubaliwa katika kikao kimoja, na wakasema kwamba wakati una sehemu yake katika bei. Walichokataza ni wakati kuuzwa peke yake, deni likawa linazaa kila linapochelewa. Kwa hiyo kuhesabu kungoja katika kuthamini bidhaa ni jambo moja, na kutoza kungoja katika deni ni jambo jingine.

Linabaki swali la kiwango. Vitabu vya vyuo vikuu huanzia kwenye riba ya dhamana za serikali, kisha huongeza malipo ya hatari. Muislamu hana haja ya kusimama hapo. Apime kwa fursa halali iliyo mbele yake. Kwa mfano, mwaka 2022 Benki ya KCB Tanzania ilitoa sukuk ya miaka mitatu ambayo faida yake iliyotarajiwa ilikuwa asilimia 8.75 kwa mwaka. Sukuk ya namna ile ina muda maalumu na mapato yanayokadirika. Hisa haina ahadi yoyote, basi mwenye kuinunua ana haki ya kutaka zaidi. Tuseme anaongeza asilimia 3.75 kwa ajili ya hatari, jumla iwe asilimia 12.5. Nyongeza hiyo si ulafi. Mtume (SAW) alihukumu kwamba pato huandamana na dhamana: anayebeba uwezekano wa hasara ndiye mwenye haki ya faida.

Sasa tuhesabu. Gawio la shilingi 250 litakalokuja baada ya mwaka mmoja lina thamani ya shilingi 222 leo. La mwaka wa pili ni shilingi 198. La mwaka wa tatu ni shilingi 176, na kuendelea, kila mwaka likipungua. Ukijumlisha yote bila ya kikomo, hesabu haiendi mpaka ahera, bali husimama mahali maalumu: 250 gawanya kwa 0.125, sawasawa na shilingi 2,000. Ndiyo kusema, hisa iliyoandikwa shilingi 100 ilikuwa na thamani ya shilingi 2,000, ikiwa gawio litabaki vile vile miaka yote. Hisa 4,000 si laki nne. Ni milioni nane.

Nikampigia simu dalali wa hisa aliyeko Dar es Salaam. Akasema bei ya mwisho sokoni ilikuwa shilingi 1,800, na kwamba ilikuwa imepita wiki kadhaa tangu mtu auze. Hesabu yetu na neno la soko havikuwa mbali.

Ni nani angeumia?

Kisheria fungu la mjane mwenye mumewe aliyeacha watoto ni thumni moja, na kinachobaki hugawanywa kwa watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Kwa familia hii, tukiigawa mali mafungu 32, mjane ana 4, kijana ana 14, na kila binti ana 7.

Kwa hesabu ya awali mali yote ilikuwa shilingi milioni 24 na laki nne. Mama angepata 3,050,000. Kila binti angepata 5,337,500. Kijana angepata 10,675,000, laki nne zikiwa ni zile hati.

Kwa hesabu ya haki mali ni milioni 32. Mama anastahiki milioni 4, kila binti milioni 7, na kijana milioni 14. Kumbe katika kikao kile cha amani mama alikuwa anapoteza shilingi 950,000, na kila yatima shilingi 1,662,500. Jumla shilingi 4,275,000 zilikuwa zinahama kutoka kwa wanyonge kwenda kwa mwenye nguvu, na wote walikuwa wamesema "tumeridhia". Ridhaa ya mtoto mdogo haihesabiki, na ridhaa ya mtu mzima asiyejua anachoridhia ina kasoro. Aya ya 10 ya Surat An-Nisaa inawaonya wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma kwamba wanajaza moto matumboni mwao. Ni wajibu wetu kuogopa moto huo hata unapokuja kwa sura ya karatasi.

Udhaifu wa mizani yenyewe

Lakini elimu hii yataka unyenyekevu. Tazama jinsi jibu linavyoyumba. Ukitaka asilimia 15 badala ya 12.5, hisa ile ile inashuka hadi shilingi 1,667. Ukitosheka na asilimia 10 inapanda hadi 2,500. Ukibaki na 12.5 lakini ukatarajia gawio likue kwa asilimia 5 kila mwaka, utagawanya kwa 0.075, na thamani itaruka hadi shilingi 3,333. Hesabu zote hizo hazina kosa. Kinachotofautiana ni dhana ya mtu juu ya kesho, na kesho iko katika elimu ya Allah pekee. Basi ogopeni mthamini anayetaja tarakimu moja kwa kiburi, na zaidi mwogopeni mthamini ambaye ndiye mnunuzi.

Hatari nayo ina fiqhi yake. Mwaka 1952 Harry Markowitz alionyesha kwa hisabati kwamba hatari ya mali ya mtu haipimwi kwa kitu kimoja kimoja, bali kwa jinsi vitu vyake vinavyopanda na kushuka pamoja. Mwaka 1964 William Sharpe akaongeza kwamba hatari inayoweza kuepukwa kwa kutawanya mali haina malipo sokoni. Kinacholipwa ni ile isiyokwepeka. Wote wawili walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Sisi wa Singida tunaweza kulielewa jambo hili kuliko wengi. Mvua yetu ni ya msimu mmoja. Mtu mwenye shamba la alizeti Iramba, mashine ya kukamua mjini na lori la kusafirisha mafuta hudhani ametawanya mali yake mahali patatu. Mvua ikikatika mwezi Februari, shamba linakauka, mashine inakosa mbegu na lori linakosa mzigo. Ana milango mitatu, lakini nyumba ni moja. Nabii Yaqub (AS), kama inavyoelezwa katika aya ya 67 ya Surat Yusuf, aliwausia wanawe waingie mjini kwa milango mbalimbali, na papo hapo akakiri kwamba hawezi kuwakinga na qadari ya Allah. Kutawanya mali ni kuchukua sababu, na tawakkul hubaki mahali pake.

Kwa mabinti wale wawili, banda la vitunguu na hisa za kampuni ambayo faida yake haitegemei mvua ya Singida ni milango miwili ya kweli. Kumbe "makaratasi" ambayo hawakuwa na haja nayo ndiyo yaliyokuwa yakiwapunguzia hatari kuliko mali nyingine yoyote.

Na mlezi asidhani kwamba usalama ni kuziweka fedha za yatima kabatini. Imam Malik amepokea katika Muwatta agizo la Sayyidna Umar bin Khattab (RA) kwamba mali ya mayatima ifanyiwe biashara ili zaka isije ikaila. Kwa madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo wengi wetu tunayafuata, mali ya mtoto hutolewa zaka. Shilingi milioni 10 zilizolala, zikitolewa asilimia 2.5 kila mwaka, baada ya miaka 10 hubaki kama milioni 7 na laki 7 na 60 elfu, kabla hujahesabu kupanda kwa bei za vitu.

Kabla ya hesabu, uhalali

Mafakihi husema kwamba si kila kinachouzika kina thamani mbele ya sharia. Katika soko letu zimo kampuni za bia na za sigara, na zimo benki zinazoendeshwa kwa riba. Warithi wakikuta hisa za namna hiyo wasizihesabu kimya kimya katika fungu la mtoto. Wazipeleke kwa wanazuoni kwanza, na wasiendelee kuzishikilia kama kitega uchumi. Wakikuta hati fungani za riba, aya ya 279 ya Surat Al-Baqara imewawekea mpaka: rasilimali ni yao, bila ya kudhulumu wala kudhulumiwa, na ziada waitoe katika maslahi ya umma pasipo kutarajia thawabu ya sadaka.

Kuhusu zaka ya hisa zenyewe, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilitoa uamuzi mwaka 1988 mjini Jeddah. Mwenye kuzimiliki kwa ajili ya kuuza na kununua hutoa asilimia 2.5 ya bei ya soko. Mwenye kuzishika kwa ajili ya gawio, ikiwa kampuni haitoi zaka na hana njia ya kujua mali yake inayopasa zaka, hutoa asilimia hiyo katika mapato baada ya kutimia mwaka.

Walivyomaliza

Kijana yule alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mama yake. "Mama, nisamehe. Nilikuwa nawanyang'anya wadogo zangu bila kujua." Mama akajibu, "Mwanangu, hata mimi sikujua."

Baba yao mdogo akauliza, basi tuandike bei ipi, 1,800 au 2,000? Nikawaambia kwamba kwa hisa hawalazimiki kuandika bei yoyote. Nyumba haikatwi vipande, ndiyo maana inathaminishwa. Hisa za kampuni moja zinafanana kama punje za mtama wa gunia moja, na kinachofanana hugawanywa chenyewe. Hisa 4,000 kwa mafungu 32: mama 500, kijana 1,750, kila binti 875. Kampuni ikistawi watastawi wote, ikianguka hakuna atakayemlaumu mwenziwe. Hesabu yote ile tuliyoifanya ilitufikisha kwenye kujua kwamba mgawanyo salama kuliko wote ni ule usiohitaji kubahatisha kesho.

Ikiwa mwarithi mmoja analazimika kununua mafungu ya wenzake, basi thamani itolewe na watu wawili waadilifu wenye ujuzi, wasio na maslahi, kwa bei ya siku ya kugawa. Msimamizi wa mirathi athibitishwe na mahakama, ndipo hisa zihamishwe kupitia kwa dalali. Magawio ya zamani ambayo hayakuchukuliwa yaulizwe kwa kampuni, kwani ni mali ya warithi wote. Na gawio lililotangazwa baada ya kifo ni la wote kwa mafungu yao, wala si la yule aliyeshika hati.

Nanyi mlio hai, andikeni mnachomiliki. Hati iliyosahauliwa chini ya godoro ni amana isiyo na shahidi.

Dua tuliisoma siku hiyo, baada ya hesabu. Allah ndiye Mjuzi zaidi. Wabillahi tawfiq.